Kufuli la Verna Kangas

Wembamba ndio uliomponza Verna Kangas. Kiwanda cha karatasi cha Kivela kilikuwa na mafundi umeme kumi na mmoja, na kumi kati yao walikuwa wanaume wenye vitambi vya bia na mabega ya kubeba magogo. Wa kumi na moja alikuwa Verna, mwenye mwili kama wa msichana wa shule ingawa miaka yake ilikuwa arobaini na miwili. Palipotokea kazi ya kujipenyeza mahali ambapo mtu mzima hapiti, hakuna aliyeuliza nani aende. Walimgeukia tu.

Mahali pabaya kuliko pote palikuwa Sanduku. Lilikaa juu ya paa la boila, nyumba ya chuma isiyo na dirisha hata moja, yenye urefu wa orofa tano. Ndani yake yalining'inizwa mabati marefu kutoka darini hadi karibu na sakafu, safu kwa safu, na katikati ya bati na bati zilining'inia nguzo nyembamba za chuma. Nguzo hizo hupewa umeme wa volti elfu hamsini. Moshi wa boila ukipita, vumbi lake linanaswa na mabati, kisha nyundo zinayagonga mabati hayo mpaka vumbi linadondoka chini. Bila Sanduku, mji wetu ungekuwa mweupe kwa vumbi la chumvi kuanzia kanisani hadi ukingoni mwa ziwa, na nguo za watu zingeanikwa bure. Umeme ukiwa ndani, mtu hahitaji hata kugusa nguzo. Akiikaribia tu, unamfuata.

Verna alilichukia Sanduku. Alilichukia wazi, na alisema hivyo kila alipotumwa, lakini alikwenda. Alikuwa na mama wa kutunza, nyumba inayovuja, na katika mji ule kazi ilikuwa kiwandani au hapakuwa na kazi. Miaka tisa alikuwa akiingia humo kama mara nne kwa mwaka, na kila mara akitoka alisimama kwenye ngazi za nje na kuvuta pumzi kabla ya kusema na mtu.

Kilichompa moyo ni kufuli. Kila fundi alikuwa na kufuli lake jekundu lenye jina na picha yake, na ufunguo mmoja tu, aliouvaa shingoni. Kabla ya kuingia unashusha swichi kubwa, unaipiga kufuli, na hakuna mtu duniani anayeweza kuwasha umeme mpaka wewe mwenyewe urudi ufungue. Wazee wa kiwanda walilifundisha jambo hili kwa ukali kuliko katekisimu. Mtu akisahau kufuli lake akaenda nyumbani, anaitwa arudi alifungue mwenyewe, hata kama yuko kitandani na homa. Elmer Sikkila aliitwa kutoka kwenye harusi ya binti yake. Alikuja na suti na ua kifuani, akafungua, akatukana, akarudi kucheza.

Ila palikuwa na siku moja ya mwaka ambayo sheria hiyo ililegea, nayo ni mkesha wa msimu wa kuwinda kulungu.

Msimu hufunguliwa tarehe kumi na tano Novemba. Shule zinafungwa, benki inabaki na mtu mmoja, na wanaume wote wenye bunduki wanakwenda kwenye kambi zao porini, kwenye vibanda vya mbao visivyo na simu wala barabara ya maana. Mkesha wake, kiwandani, watu wanamaliza kazi mbiombio wakiwa wameshavaa soksi za sufu. Wanasahau makufuli. Na mtu aliyekwisha kuingia porini huwezi kumwita, hata umwite kwa tarumbeta. Kwa hiyo palizuka mtindo ambao haukuandikwa popote: msimamizi anatazama kama gari la mwenye kufuli lipo kwenye maegesho, anapiga simu nyumbani kwake, na akikosa vyote viwili anachukua mkasi mkubwa wa chuma na kulikata. Wiki inayofuata mwenyewe anakuta kufuli jipya kwenye kabati lake, limefungwa utepe. "Kulungu kala kufuli lako," wanamwambia, na chumba kizima kinacheka. Verna naye alicheka miaka yote hiyo.

Mwaka ule wa 1986 mkesha uliangukia Ijumaa. Saa moja asubuhi, mdogo wake, Rudy, alimvizia kwenye lango la kiwanda akiwa na kofia ya rangi ya chungwa na uso wa mtu anayeomba.

"Dada, nipe gari."

"La kwako limefanya nini?"

"Limekataa kuwaka. Dada, watu wote wananingoja. Nimeshanunua nyama, bia, kila kitu. Nikikosa leo, akina Toivola watachukua kitanda changu cha karibu na jiko."

"Na mimi nirudi na nini? Na mbawa?"

"Si Norbert yupo? Norbert hawindi, atakurudisha. Dada, nitakuletea paja zima."

"Mwaka jana uliniletea nini? Mafua." Lakini alishampa ufunguo. Rudy alimbusu shavuni na kukimbia kabla hajabadili mawazo.

Saa tatu, wakati wa kahawa, Verna alikwenda chumba cha mitambo kwa Norbert LaCombe, mzee aliyekuwa akiendesha swichi za boila tangu Verna hajavunja ungo. Alimega nusu ya andazi lake la nyama na viazi bila kuomba na kumwambia kwamba jioni atahitaji lifti, kwa sababu Rudy ameondoka na gari. Norbert akasema atamrudisha, ila atalipia andazi. Walicheka, na Verna akapanda ngazi kwenda kwenye Sanduku.

Kazi yenyewe ilikuwa nguzo moja iliyopinda katikati ya upande wa kaskazini. Alishusha swichi, akapiga kufuli, akaandika jina lake kwenye daftari la mlangoni. Kisha akaingia na waya mnene wa ardhini, akauning'iniza kwenye fremu ya nguzo. Kazi ya waya huo ni moja: hata swichi ikiwashwa kwa bahati mbaya, umeme unakimbilia ardhini kabla haujamfikia mtu. Mlangoni alibaki Dale Rintala. Dale alikuwa mtu wa magogo, ameazimwa kwa siku hiyo kwa sababu walinzi wa kawaida wa mlango wote walikuwa wamechukua likizo. Wajibu wake ulikuwa kukaa pale na kutokwenda popote mpaka Verna atoke.

Mpaka saa sita nguzo ilikuwa imenyooka. Verna alitoka akiwa mweupe kama mwokaji, akafuta jina lake daftarini, akamkabidhi Dale taa, kamba, na ule waya wa ardhini.

"Umemaliza?" Dale aliuliza. Alikuwa ameshavua kofia ya kiwanda.

"Nimemaliza. Ngoja nihesabu." Alipiga magoti, akapanga vifaa vyake kwenye gunia. Akahesabu mara mbili. "Spana malaya haipo."

"Utaichukua Jumatatu."

"Dale, spana ikibaki mle ndani ikaegemea nguzo, upande mzima hauwaki. Na unajua nani atatumwa kuifuata kesho? Si wewe. Wewe utakuwa umelala na bunduki."

Dale alitazama saa yake, akatazama ngazi, akatazama saa tena. Jamani, mtu huyo aliteseka. Verna alimhurumia, na huruma hiyo ilimgharimu.

"Nenda zako," alimwambia. "Dakika tano tu. Kufuli langu lipo."

"Una hakika, mama?"

"Nenda, bwana, kabla sijabadili mawazo. Uue dume kubwa."

Dale alishuka ngazi mbili mbili. Verna akawasha tochi, akarudi ndani peke yake, bila kuandika jina upya. Waya wa ardhini aliuacha nje, kwa sababu ulikuwa mzito na alikuwa amechoka, na dakika tano ni dakika tano tu.

Hazikuwa dakika tano. Njia ya katikati ilikuwa na upana wa kumbana mtu mabega, na ili kufika penye ile nguzo ilibidi aende kwa ubavu, uso umegeukia bati, akisukuma mguu mmoja na kuvuta mwingine. Vumbi lilimwingia mdomoni, la chumvi. Spana ilikuwa imeanguka chini ya bati, kwenye ukingo wa faneli la vumbi, na alilazimika kujishusha kwa ubavu mpaka chini na kuivuta kidogo kidogo kwa ncha ya vidole. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipoishika mwishowe alijiinua, akacheka peke yake, akaibusu.

Ndipo mwanga ulipotoweka.

Mwanga wa mlangoni ulikuwa mdogo tangu mwanzo, mstari wa kijivu mbali kule mwisho. Ulipokatika alidhani upepo umesukuma mlango. Akatega sikio. Kupitia chuma alisikia kitu alichokifahamu vizuri kuliko sauti ya mama yake: bolti zikikazwa kutoka nje, moja, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Hei!" alipiga kelele. "Hei! Nimo humu! Nimo humu ndani!"

Alipiga bati kwa spana. Boila ilikuwa ikinguruma chini yao, mashine za karatasi zikinguruma chini ya boila, na kila mtu kule nje alikuwa ameziba masikio kwa plagi za mpira. Alijua hawasikii. Alipiga hata hivyo, akapiga mpaka mkono ukafa ganzi.

Alielewa kila kitu kwa mara moja. Kufuli limeonekana. Maegesho yametazamwa, na gari halipo. Simu imepigwa nyumbani, na mama yake yuko kanisani akipika kahawa pamoja na wanawake wengine walioachwa na wawindaji. Mkasi umechukuliwa. Hakuhitaji kuambiwa, maana mwaka juzi, mkesha kama huu, mkono ulioshika mkasi huo ulikuwa wake. Kufuli lilikuwa la Heikki Saari. Msimamizi, Clifford Perttula, alisimama kando akimwambia, "Bana kwa nguvu, Verna, unabembeleza nini?" Alibana, kufuli likaruka, wakacheka. Wala hakufungua mlango kutazama ndani. Halikumjia hata akilini. Na kama yeye hakutazama, nani atatazama leo?

Alitaka kukimbia, na hapakuwa na mahali pa kukimbilia; hata kugeuka hakuweza mpaka atoe pumzi yote kifuani. Hata mlango ungekuwa wazi asingeufikia kwa dakika kumi. Huku bega likisugua bati, kule nguzo ikiwa mbali naye kwa kiganja kimoja. Alimwita mama yake kwa sauti. Alimwita baba yake, aliyekufa siku nyingi. Alilia kama mtoto aliyefungiwa stoo.

Kisha nyundo zikaanza.

Dum. Bati lililoegemea shavu lake lilitetemeka na vumbi likamwagika juu ya kichwa chake. Dum, lililofuata. Nyundo zinaamka kwanza, sikuzote. Dakika kumi baada ya nyundo, Norbert huwasha umeme kujaribu. Umeme ukishika, wanafungua milango ya moshi na hewa ya moto wa kuokea mkate inaingia. Utaratibu huo Verna angeweza kuukariri usingizini, na sasa ulikuwa utaratibu wa kufa kwake.

Dakika kumi. Aliacha kulia. Baadaye hakuweza kueleza alivyoacha, ila anakumbuka kwamba alikasirika, hasira ya kweli, na hasira hiyo ilikuwa juu ya spana. Yaani kifaa cha kijinga kilichomrudisha humu kwa sababu kikibaki kinazuia upande mzima usiwake, ndicho hiki hapa mkononi mwake.

Akakitazama kwenye mwanga wa tochi.

Akaanza kazi. Chuma chote kilikuwa na ganda la chumvi, na juu ya ganda umeme unaweza kuruka badala ya kupita, kwa hiyo alitoa kisu cha mfukoni akakwangua nguzo mpaka ikang'aa. Akakwangua ukingo wa bati vilevile, pale penye tundu la bolti. Kisu kikamkata kidole gumba, hakuhisi. Alifungua mdomo wa spana, akaubana kwenye nguzo, akakaza skrubu yake mpaka haikuzunguka tena. Mkia wa spana ulifika kwenye bati. Ulifika barabara, ukaligusa. Na nyundo ikagonga, dum, mkia ukaruka na kuacha bati.

"Tulia, mshenzi," Verna aliiambia spana.

Alivua kamba ya kiatu kimoja. Kujishusha tena chini kungemla muda, kwa hiyo alikunja goti na kupandisha mguu nyuma yake kama kuku, akaivuta kamba tundu kwa tundu bila kuiona. Kisha akafunga mkia wa spana kwenye tundu la bati, mizunguko sita, fundo juu ya fundo. Dum. Haukuruka. Dum. Ulitetemeka na kubaki.

Akajivuta nyuma, mbali na nguzo ile kadiri nafasi ilivyomruhusu, akashikilia bati kwa mikono miwili na kufinya macho. Alianza sala ya Baba Yetu kwa Kifini, lugha ya wazee waliohamia mji ule, jinsi bibi yake alivyomfundisha, akakwama kwenye mkate wa kila siku.

Umeme ulikuja. Uliunguruma mara moja, mfupi, na kwenye mdomo wa spana palipiga cheche ya buluu iliyomwonyesha mabati yote kwa mara moja, marefu, meupe, pande zote. Halafu giza. Alikuwa hai. Alijipapasa uso kuhakikisha.

Uliunguruma mara ya pili. Cheche, giza. Kamba ya kiatu ilianza kunuka kuungua.

Yaliyokuwa yakitokea chini alikuja kuambiwa baadaye. Kwenye chumba cha mitambo, Norbert aliinua swichi, mshale wa mita ya volti ukabaki sifuri, na swichi ikajikata yenyewe. Clifford, ambaye alishavaa koti la kuwindia, alimwambia arudie. Norbert akarudia. Ikajikata.

"Nguzo yake imekatika tena," Clifford alisema. "Yule mwanamke kaifunga na uzi nini? Basi, fungua milango ya moshi. Tuendeshe hivyo hivyo, wataiangalia Jumatatu."

"Nguzo iliyokatika inabembea," Norbert alisema. "Mshale unarukaruka. Huu umelala kama maiti. Kuna kitu kimelala mle, kimeshikamana."

"Mzee, nina safari ya saa mbili."

"Nani ameingia humo leo?"

"Verna, nani mwingine? Ameshaenda."

"Umemwona akienda?"

"Gari lake halipo."

Norbert aliondoa mkono wake kwenye swichi taratibu. "Cliff," alisema, "gari kachukua Rudy asubuhi. Verna anangoja lifti yangu."

Watu waliomwona Clifford Perttula akipanda ngazi zile wanasema hawakujua kwamba mtu wa kilo mia na ishirini anaweza kukimbia hivyo.

Verna aliona mstari wa kijivu ukirudi kule mwisho. Hakuamini, akadhani ni macho. Kisha akasikia jina lake likiitwa kwa sauti iliyopasuka, mara nyingi. Akagonga bati kwa kiganja. Aligonga na kugonga mpaka mwanga wa taa ukamwangukia usoni.

Alijisogeza kwa ubavu kuifuata taa, na mwisho wa njia bado alishikilia ukingo wa bati, ilibidi wambandue vidole kimoja kimoja. Nje, kwenye ngazi, theluji ilikuwa imeanza. Clifford alipiga magoti mbele yake na koti lake la rangi ya chungwa, analia hadharani.

"Nilipiga simu nyumbani, Verna. Nikatazama gari. Haki ya Mungu nilijua umeenda."

"Najua."

"Nilitazama gari."

"Najua, Cliff. Nimekwambia najua." Alitaka kumpiga. Alitaka pia kumshika mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo, alikaa tu na kiatu chake kisicho na kamba, anavuta pumzi.

Siku ya Jumatatu wakubwa waliita kikao cha mafundi wote waliokuwapo. Habari zilifika hadi kambini, na Rudy alikuwa amerudi bila kulungu, macho mekundu, akimwambia kila mtu kwamba Clifford akatwe shingo kwa mkasi ule ule. Hakuwa peke yake. Chumba kilikuwa kimekwisha mhukumu Clifford kabla hajakaa. Meneja alisoma karatasi: msimamizi amekata kufuli la mfanyakazi aliye kazini, kwa hiyo anaachishwa kazi. Akauliza kama Verna ana la kuongeza.

Verna alisimama. Alikuwa amejiapiza usiku mzima kwamba atanyamaza. Nani angejua? Heikki mwenyewe alikuwa amekwisha cheka na kusahau.

"Mwaka juzi nilikata kufuli la Heikki Saari," alisema. "Nilitazama gari. Cliff alipiga simu. Mlango sikuufungua." Alimtafuta Heikki kwa macho mpaka akampata, kule nyuma karibu na jiko. "Heikki, ungekuwa mle ndani, ningekuua huku nacheka. Nisamehe."

Halafu Norbert, kutoka kwenye kiti chake, akasema, "Mimi nimekata matatu." Elmer Sikkila akainua mkono. Mikono ikaendelea kuinuka, mmoja mmoja, mpaka ikawa rahisi kuhesabu wasioinua. Meneja akaikunja karatasi yake. Clifford hakuachishwa, alishushwa cheo, na toka siku hiyo kufuli la mtu halikukatwa tena kiwandani Kivela, hata likae wiki nzima, hata mashine ilale. Mtu anafuatwa porini kwa miguu.

Watu walidhani mambo yameishia hapo. Verna naye alidhani hivyo. Alirudi kazini, akala, akacheka na Norbert. Jumamosi ikafika, siku ya sauna, kuoga kwa mvuke wa moto, na kama kila Jumamosi ya maisha yake mama yake aliwasha jiko tangu saa nane katika kile kibanda cha mbao nyuma ya nyumba. Verna aliingia wa kwanza, akavua nguo, akapanda benchi la juu. Chumba kilikuwa kidogo, cheusi kwa moshi wa miaka, na kilikuwa na joto zuri. Mama yake, Saima, akausukuma mlango kutoka nje, ukafunga, tap.

Saima alikuwa hatua tano kutoka pale aliposikia yowe. Alirudi mbio, mbio ya mwanamke wa miaka sabini na minane kwenye theluji, akaufungua mlango. Verna alikuwa sakafuni, uchi, ameukwangua mlango kwa kucha.

"Usiufunge," alisema. "Mama, usiufunge. Usiufunge."

Saima hakuwahi katika maisha yake kuruhusu mlango wa sauna ukae wazi. Watoto wake walichapwa kwa kosa hilo, na mumewe, Mungu amrehemu, aligombezwa kwa hilo hilo mpaka wiki aliyokufa. Alisimama akimtazama binti yake. Kisha akaokota gogo kwenye rundo la kuni, akauzuia mlango nalo, akamsaidia Verna kurudi kwenye benchi na kumfunika taulo mabegani. Alitoka, akaleta kigoda, akakiweka kizingitini, akakaa na koti lake na kitambaa chake cha kichwa, mvuke wote ukimpita kwenda zake nje.

"Mama, utaganda."

"Kuni zangu zinaungua bure, hilo ndilo linaloniuma," Saima alisema, bila kugeuka. "Oga, mwanangu. Mimi niko hapa mlangoni. Siendi popote."